Dobi Aliyefua Ushahidi

Dobi alikuwa na sheria moja kazini: doa halilali. Akiliona tu, analimwagia maji, analipaka sabuni, analisugua mpaka liombe radhi. Mkewe alisema ipo siku atamsugua mgeni.

Binti yao alikuwa kidato cha pili. Kila jioni alimsaidia baba yake kupiga pasi, huku mdomo wake ukienda mbio kuliko pasi yenyewe. Wiki moja mdomo ukanyamaza. Asubuhi moja akajifunika shuka gubigubi.

"Siendi shule."

"Unaumwa?"

"Siumwi. Siendi tu. Wala kesho siendi."

Dobi akakaa ukingoni mwa kitanda. "Mwanangu, hata shati chafu huniambia limepita wapi. Wewe unanificha nini?"

Binti akatoa simu chini ya mto, akampa bila kumtazama.

Kwenye kundi la darasa kulikuwa na picha yake. Amesinzia juu ya meza ya pasi, mdomo wazi. Chini yake mwanafunzi mmoja ameandika: "Malkia wa nguo za wateja. Kagueni sare zenu, huenda kashazivaa." Wenzake wakaangua vicheko. Mwingine akamtumia peke yake: "Usije shule, unanuka jasho la watu."

Moyo wa dobi ukajikunja kama shuka linalokamuliwa. Akafanya kile alichokijua. Akafuta. Ujumbe huu, na ule, na picha, mpaka simu ikawa nyeupe pe.

"Haya," akasema. "Safi."

"Baba, umefuta kwangu tu. Kwao bado ipo."

Dobi akamwita mkewe, simu mkononi.

Jirani yao alikuwa mwalimu wa ushauri katika shule hiyo hiyo. Mke wa dobi akamwahi kabla hajaondoka. Mwalimu akaingia, akasikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa.

"Shemeji, umeufua ushahidi. Sasa tumwonyeshe mkuu wa shule nini, povu?"

"Nilitaka matusi hayo yamtoke mtoto wangu."

"Najua. Lakini mtoto akionewa mtandaoni, msikimbilie kufuta. Wala msijibu matusi kwa matusi. Pigeni picha ya skrini, jina na tarehe vionekane. Kisha mzuieni anayetukana asiweze kuwatumia ujumbe tena, na mwambieni mtu mzima mnayemwamini." Akamgeukia binti. "Nawe hukufanya kosa lolote. Kusinzia baada ya kazi si aibu. Nani alikupiga picha?"

"Rafiki yangu wa dawatini. Alikuja hapa tufanye hesabu."

Jioni mwalimu akarudi na huyo rafiki. Msichana alisimama mlangoni akichunguza vidole vyake vya miguu.

"Nilipiga kwa utani," akasema. "Nikamtumia mmoja tu, yeye akairusha kundini. Wakacheka. Nami nikacheka, nikiogopa wasinigeukie mimi."

"Kicheko kimoja ni kuni moja," mwalimu akamwambia. "Usingechochea, moto ungepungua. Ujumbe bado unao?"

"Wa kundini wote."

"Basi leo utakuwa shahidi."

Msichana akapiga picha za skrini, moja baada ya nyingine. Kisha akamshika mwenzake mkono. "Nisamehe. Nilikuacha peke yako."

Binti hakuutoa mkono wake.

Mkuu wa shule akamwita mwanafunzi aliyeanzisha, pamoja na wazazi wake. Mwanafunzi huyo akaiondoa picha, na palepale kundini alipotukania ndipo alipoombea radhi. Mwalimu akakaa na darasa zima. Wakakubaliana: hakuna kurusha picha ya mtu bila ruhusa yake, na anayeona mwenzake anaonewa aseme.

Jumatatu binti akavaa sare. Dobi akamsindikiza hadi getini.

"Baba, rudi sasa, wanatuangalia."

"Waangalie. Sare imenyooka, na aliyeinyoosha ndiye huyu hapa."

Binti akacheka mpaka akaficha uso. Akaingia.

Jioni ile ule mdomo ulirudi kazini. Fulani kasema hivi, fulani kaanguka kwenye kiti, mwalimu wa hesabu kapotea ndani ya hesabu zake mwenyewe. Dobi alisikiliza, macho yote kwa mwanawe.

"Baba, pasi."

Moshi mwembamba ulikuwa unapanda. Suruali ilikuwa na tundu.

"Ya nani hiyo?" binti akauliza.

"Ya mjomba wako. Endelea. Halafu akasemaje?"