Mwito Chini ya Tuta

Jua lilikuwa likielekea kuzama Hiza alipomaliza kuzamisha vinasa sauti vyake, vimepangwa mstari mmoja, katika bwawa la kijiji cha ujamaa huko Mazingara. Tuta lilikuwa likivuja, na serikali ilikuwa imemtuma fundi huyu wa Kwashemshi asikilize tundu liko wapi.

Kinasa kimoja alikitundika nchi kavu, kwenye mgunga. Hicho kiliifunza mashine yake ya kusikilizia kelele za kijijini, mbuzi, watoto na porojo za watu, ili izifute na kumwachia sauti ya majini peke yake.

Swaumu akaja, amejitanda kaniki. Juzi mumewe, Mwinjuma, alipiga mbizi kulitafuta na kuliziba tundu hilo. Hakutoka.

"Wananiambia nikae eda," alisema. "Eda ya nani, fundi? Maiti iko wapi? Nisikilizie mume wangu."

Hiza alimhurumia. Akavaa hedifoni. Mbuzi wakafifia. Watoto wakafifia. Yakabaki maji yakichuruzika...

Ngo.

Ngo.

Jiwe juu ya jiwe. Kwanza kwenye kinasa cha tutani. Kisha cha katikati. Kisha cha karibu. Harufu ya tope bichi ikampanda puani.

"Unasikia nini?" Swaumu alinong'ona.

"Maji tu, dada."

Mwongo mkubwa! Jasho lilikuwa likimtiririka. Swaumu alimpokonya hedifoni, akaivaa. Uso wake ukabadilika.

"Ananiita..."

Kila mtu pale anajua kwamba sauti ya usiyemwona haiitikiwi wakati wa magharibi, maana anayeitika huchukuliwa. Lakini mwanamke aliyelelewa vizuri, mumewe akimwita, ulimi huitika kabla ya akili.

"Usiitike!"

"Abee, mume wangu."

Alivua hedifoni taratibu, akamrudishia Hiza. Hiza akaivaa. Kijiji chote kilikuwa kimefutwa, kama ilivyotakiwa. Swaumu, aliyesimama kando yake, akafungua kinywa.

"Asante, fundi."

Ilisikika wazi. Haikufutwa.

Hiza akageuza swichi, asikilize kinasa kimoja kimoja. Kinasa cha nchi kavu: hakuna kitu. Cha tutani, kule chini kabisa...

"Fundi," Swaumu alisema, wekundu wa jua umemjaa usoni, "mbona kumekuwa giza ghafla?"

Hiza akaing'oa hedifoni kichwani. Midomo ya Swaumu iliendelea kucheza, lakini hapakusikika neno.