Kibanio Kwenye Kidole cha Chiriku

Kila asubuhi Chiriku alichovya mkate kwenye chai mpaka ulegee, kisha akaumeza huku akipiga soga. Jina hilo alipewa na Bibi kwa sababu ya kuongea kwake kusikokoma. Tangu aanguke ngazini mwaka uliopita, taya lake lilipinda upande na meno hayakukutana tena, lakini maneno hayakupungua hata moja.

Siku hiyo hakupewa chai wala mkate. Alikuwa anakwenda hospitalini kupasuliwa, taya linyooshwe.

Muuguzi alimvisha gauni la kijani lenye kamba mgongoni, akamuuliza, "Kucha zako hazina rangi?"

"Hazina."

Kumbe jana yake dada yake alimpaka rangi inayofanana na kucha zenyewe, mara mbili! Chiriku alijiambia moyoni, uso utavimba kama boga, basi wenzangu wakija kuniona, angalau vidole vipendeze.

Katika chumba cha maandalizi, Bibi akiwa kando yake, daktari wa usingizi alimbana kidole kwa kibanio chenye taa nyekundu.

"Usiogope, binti. Hiki kinapima wingi wa damu kwa mwanga tu, bila sindano. Tukikupasua tutakiangalia muda wote, tujue kama damu inapungua."

Namba ikatokea kwenye mashine: saba na nusu. Daktari akakunja uso. Akakihamishia kibanio kwenye kidole kingine. Nane.

"Juzi maabara walipata kumi na mbili! Kama damu imeshuka hivi, mama, leo hatumpasui. Itabidi arudi mwezi ujao."

Bibi akashika kichwa. "Jamani! Na mboga zote zile nilizomlisha?"

Chiriku akauona mwezi mwingine mzima wa mkate uliolowa. Akatazama vidole vyake, akamtazama Bibi.

"Daktari," alisema kwa sauti ndogo, "kucha zina rangi. Zote kumi. Nilimdanganya dada muuguzi."

"Wewe Chiriku!" Bibi alimaka. "Siku zote unasema usiyoulizwa, leo umeulizwa ukaficha?"

Muuguzi akacheka mpaka kofia ikamkaa upande. Akaleta pamba na dawa, akazisugua kucha moja moja. Kibanio kikarudi kidoleni, mwanga ukapita bila rangi kuuzuia. Kumi na mbili!

Chiriku alipozinduka, taya lilikuwa limenyooka, na meno yamefungwa pamoja kwa mipira midogo. Daktari akaketi kando ya kitanda.

"Katikati ya kazi namba ilishuka hadi kumi na moja, ikatulia hapo. Hatukukuongezea damu hata tone. Lakini kumbuka, mwanangu: mashine husoma kile inachoonyeshwa. Mgonjwa akituficha jambo, hata dogo kama rangi ya kucha, tutautibu uongo wake na yeye tumwache. Umefanya vyema kusema mapema."

Chiriku akaomba penseli kwa ishara. Akamwandikia muuguzi: "Nisamehe, dada." Kisha akaendelea kuandika, ukurasa ukajaa, akaugeuza.

"Haya," Bibi akasema, "tumemfunga mdomo, sasa anaongea kwa mkono!"