Uso Ndani ya Uso

Bibi alimtuma Chiriku akamwite Babu aje kula kabla chakula hakijapoa. Ilikuwa kazi ndogo tu. Unatoka mlango wa nyuma, unapita chini ya kamba ya nguo, unafika kwenye kibanda cha Babu. Jua lilikuwa linazama, na kuku walikuwa wanagombania mahali pa kulala.

Chiriku lilikuwa jina la utani. Babu ndiye aliyempa mjukuu wake jina hilo, kwa sababu mdomo wa msichana haukujua kupumzika.

Babu mwenyewe alikuwa dereva wa lori maisha yake yote. Alipostaafu, yeye na Bibi walihamia shambani, na mikono iliyozoea usukani ikakosa cha kushika. Ndipo akaanza kuchonga. Alianza na mwiko. Ulipinda vibaya mno, Bibi akauinua juu na kuuliza, "Baba watoto, huu ni wa kupikia au wa kujikunia mgongo?" Kikafuata kigoda kilichoyumba kama mlevi.

"Chekeni tu," Babu alisema. "Mimi bado najifunza."

Jioni ile kibanda kilikuwa kitupu. Chiriku akasikia sauti langoni, akaenda huko.

Babu alikuwa amesimama na mtu mwenye koti refu la mvua. Mvua haikuwa imenyesha kwa muda mrefu, na barabara ilikuwa vumbi tupu. Lakini lile koti lilikuwa linachuruzika maji. Miguuni pa yule mtu palikuwa na gogo jekundu, laini, lisilo na ufa hata mmoja.

"Chonga uso unaoupenda," yule mtu alisema. Sauti yake ilitoka chini sana, kama ya mtu aliyeinamia mtungi. "Lakini ukiuanza... uumalize."

"Na wewe unataka nini?" Babu aliuliza.

"Nataka uumalize."

"Shikamoo," Chiriku alisema.

Hakujibiwa. Harufu ya udongo uliofukuliwa ilimpanda puani mpaka akageuka kupiga chafya. Alipoinua kichwa, barabara ilikuwa nyeupe pande zote mbili. Hapakuwa na mtu.

Babu alikuwa tayari amelikumbatia gogo. "Lina joto," alisema kwa furaha. "Lilikuwa juani."

Chiriku akaligusa. Upande wa chini, uliokuwa umelalia ardhi, ndio uliokuwa na joto zaidi.

Babu aliamua kuchonga uso wa Bibi, amshangaze. Alimwapisha Chiriku afunge mdomo, na kila alipomaliza kazi alilifunika gogo kwa gunia. Alikuwa na utaratibu wake, kwa kuwa alijifundisha mwenyewe. Masikio kwanza, kwa sababu yako pembeni na makosa hayaonekani sana. Halafu pua, halafu mdomo. Macho aliyaogopa.

"Macho ni ya mwisho," alimwambia Chiriku huku akinoa patasi. "Jicho ukilikosea, basi tena. Kwenye mti unaondoa tu, huwezi kurudisha."

Masikio yalipokamilika, yalitoka mazuri ajabu. Hata ndewe iliyochanika ya Bibi ilionekana pale pale. Babu aliruka kama mtoto.

Siku hiyo hiyo Bibi aliacha kusikia.

Mganga wa zahanati alimulika ndani ya masikio yake, akasema hayana ubaya wowote. Labda uzee. Bibi alicheka kwa sauti kubwa kupita kiasi, maana hakujua tena sauti yake ina ukubwa gani. "Afadhali!" alisema. "Sasa sitasikia mkoromo wa babu yenu!"

Kisha Babu akamaliza pua.

Chiriku alikuta maharage yameungua mpaka jikoni moshi mweusi umetanda, na Bibi amekaa palepale anachambua mchele, ametulia. Hakunusa chochote. Msichana alizima moto, akasimama na sufuria mkononi.

Masikio. Pua.

Aliitupa sufuria akakimbia. Nyuma yake alimsikia Bibi akigomba, "Wewe mtoto, unakimbilia wapi? Sufuria yangu hiyo, utaniu—"

Kimya.

Chiriku alisukuma mlango wa kibanda. Babu alikuwa anapuliza unga wa mti kutoka kwenye midomo aliyotoka kuimaliza. Ilikuwa midomo ya Bibi. Imefunguka kidogo, kama ya mtu aliyekatizwa.

"Babu... acha," Chiriku alinong'ona. "Weka chini. Tafadhali."

Alimweleza akilia. Babu alitaka kumcheka, lakini Bibi akatokea mlangoni ameshika koo. Mdomo wake ulifunguka na kufungika. Hakuna kilichotoka. Halafu akaona kile kinyago, uso wake mwenyewe usio na macho, akaegemea ukuta.

Babu alishika shoka kwa hasira. Alipiga pembeni, akamega kipande kidogo tu cha sikio la mti.

Bibi akajishika sikio. Damu ilipita katikati ya vidole vyake.

Shoka likaanguka. Babu alikaa juu ya mabaki ya mbao. Hawakuweza kukichoma. Hawakuweza kukipasua. Na tayari vidole vyake vilikuwa vinatambaa vyenyewe kuelekea kwenye patasi, kuelekea mahali pa macho. Aliukamata mkono mmoja kwa mwingine, kama anayekamata jogoo.

"Hautaki kuacha," alisema. "Chiriku, mkono wangu hautaki kuacha."

Akamtazama mkewe kwa muda. Bibi alikuwa mnene wa uso, mashavu ya duara. Babu alikuwa na uso mwembamba, wa mifupa.

"Uso wangu umo humo ndani ya wake," alisema polepole. "Ni kupunguza tu. Kaa hapa mbele yangu. Nitazame, uniambie nilivyo."

"Babu, na wewe je?"

"Niambie nilivyo, mwanangu. Haraka."

Chiriku akakaa. Kwa mara ya kwanza maishani maneno yalimtoka kwa shida. "Mashavu... yaingie ndani zaidi. Pua ni nyembamba hapo juu. Kidevuni una kovu." Patasi ilikwangua. Mara ya kwanza Bibi alishtuka kwa maumivu. Ilipokwangua tena, shavu lililochanika lilikuwa la Babu. Hakulifuta. Alipunguza masikio, akaacha kujibu alichoambiwa. Ikabidi Chiriku amwonyeshe kwa vidole kwenye uso wake mwenyewe. Akapunguza pua, kisha patasi ikaanza kukwangua midomo. Nyuma yao Bibi akavuta pumzi kwa nguvu.

"Nasikia moshi," alisema Bibi kwa sauti ya kukwaruza. "Nyumba nzima inanuka moshi..." Alinyamaza, akajigusa mdomo, akaanza kulia kwa kelele. Ilikuwa kelele tamu kuliko zote.

Ilibaki kuimaliza midomo. Babu aliikaza, akaifanya myembamba, akizungumza huku anachonga.

"Macho yasiguswe. Nisikilizeni. Mtu yeyote asije aka—"

Patasi ilimtoka mkononi. Mikono yake ililegea, ikawa yake tena. Alifungua mdomo, akaufumba, akawatazama. Macho yake yalikuwa mazima. Alitabasamu.

Chiriku alizificha patasi zote darini bila kumwambia mtu. Kinyago walikifunika kwa blanketi wakakifungia kibandani. Bibi alimlisha mumewe, alimfuta uso, alimshika mkono jioni uani. Alimwita mara nyingi, huenda sauti ikamfikia siku moja.

Jioni moja, jibu likaja.

Halikutoka kwenye kiti alichokalia Babu. Lilitoka kibandani.

"Mke wangu," ilisema sauti ya Babu. Ile ile, na kikohozi chake cha vumbi la barabarani. "Mke wangu... huku ni giza."

Chiriku alimshika Bibi kiganja. Babu hakusikia chochote. Alikuwa anawaangalia kuku.

"Huku ni giza sana. Nimaliziwe macho."

"Si yeye, Bibi," Chiriku alinong'ona. "Babu yuko hapa. Mwangalie, yuko hapa."

"Namjua mume wangu," alisema Bibi.

Tangu hapo iliita kila jua lilipozama. Haikupaza sauti wala haikutisha. Ilimwita Bibi kwa majina ambayo Chiriku hakuwahi kuyasikia, majina ya ujana wao. Ilikumbuka kanga aliyovaa siku waliyoonana. Bibi aliacha kula. Akahamishia mkeka wake kwenye mlango wa kibanda, akakaa huko akijibu kwa kunong'ona.

Leo jioni aliinuka. Alimpita Babu kwenye kiti bila kumtazama, akaja mpaka alipo Chiriku. Macho yalikuwa yamemvimba, lakini uso ulikuwa mtulivu, kama wa mtu aliyekwisha kuamua. Nyuma yake Babu naye alikuwa amesimama, anatikisa kichwa, anatikisa, mdomo wazi, bila sauti.

"Mjukuu wangu," Bibi alisema kwa upole. "Zile patasi za babu yako... umeziweka wapi?"