Mkanda wa Marehemu Ahmadi

Mchele wa kwanza wa mashine mpya ya kijiji, nje kidogo ya Rujewa, ulinuka karafuu maiti. Wanawake waliunusa, wakatazamana, wakaweka nyungo zao chini. Fundi Liberatus akawacheka.

Kiburi gani kile! Alikuwa ametoka Kihesa na cheti chake na suruali yake ya bugaluu, na kwake Usangu nzima ilikuwa washamba watupu. Mashine ililetwa bila mkanda wa kuizungusha. Ulitakiwa kununuliwa kando. Fundi mwenye akili angechukua vipimo akaenda dukani Mbeya. Huyu bwana mkubwa aliona uvivu, akachungulia jirani, kwenye mashine ya marehemu Ahmadi iliyofungwa. Mkanda wake ulienea. Akauchomoa.

"Fundi, arobaini ya mzee bado," mwenyekiti Masunga alimnong'oneza. "Mali haijagawanywa, na mjane yuko eda. Nenda Mbeya, bwana."

"Mkanda ni mkanda. Tangu lini mpira una jini?"

Ili kuwaumbua washamba, alimwamuru mkewe, Roza, aupike mchele ule. Roza alikuwa na mimba, ya kwanza kutulia baada ya mbili kuharibika. Alikula matonge machache, akaisukuma sahani. Magharibi Liberatus akasikia mlio anaoujua, wa mashine kuukuu inayogonga mara mbili ikakohoa, akatoka nje akasikiliza, akarudi ndani, akainama polepole mpaka sikio lake likagusa tumbo la mkewe, na humo ndimo mashine ilimokuwa ikigonga, ikikohoa, ikigonga.

Kulipokucha akamwita mganga Kudra. Mama yule alifukiza ubani, akasogea mbali na tumbo lile.

"Umechukua bila kuomba, kitu kimekufuata," alisema kwa sauti ya chini. "Rudisha mkanda. Simama dirishani kwa Zuena, mjane wa Ahmadi, umwombe radhi. Leo hii, baba, kabla hakijazoea."

"Nimpigie magoti mwanamke kwa kipande cha mpira?"

Mpumbavu! Aliutupa mkanda ng'ambo ya ua wa Ahmadi kama anayetupa ganda la muwa, akapanda basi la Mbeya. Kesho yake alifunga mkanda mpya, mchele ukatoka mweupe, hauna harufu. Akamsogezea Masunga kiganja cha mchele usoni anuse. Kisha akaenda nyumbani kujisifu.

Roza alikuwa kitandani, macho wazi. Chumba kizima kilinuka karafuu maiti, na mlio ulisikika tangu mlangoni.

Ndipo bugaluu ilipokutana na vumbi. Liberatus alipiga magoti chini ya dirisha la Zuena, akalia.

"Nisamehe, mama. Mwambie marehemu amwache mke wangu."

"Mimi nimekusamehe, baba," sauti ikajibu nyuma ya pazia. "Lakini lile ni jini la Ahmadi, mlinzi wa mashine yake. Tangu tumzike lilikuwa likikohoa hapa kila magharibi. Ulipochukua mkanda likakufuata. Ungekuja jana, ningeliita. Leo nimeliita tangu asubuhi, haliitiki. Limeshapata nyumba."