Jina la Baba Kwenye Fomu

Kila alasiri, Ronah akitoka shule alipitia kibandani kwa baba yake katika soko la Mpondwe, mpakani mwa Uganda na Kongo. Aliokota vipande vya vitambaa vilivyodondoka chini ya cherehani, akafagia, kisha akakaa kwenye benchi na kufanya kazi zake za shule. Alikuwa na miaka kumi na miwili, na mwandiko wake ulikuwa umenyooka kiasi kwamba akina mama wauza unga walimwita awaandikie bei. Yeye mwenyewe alijua kwamba anaandika vizuri, na hakujifanya hajui.

Dada yake mkubwa, Immy, ambaye Ronah alimwita Yaya, alikuwa kinyume chake. Immy alikuwa na miaka kumi na minane, na kichwa chake kilishika kila kitu. Alikunja nguo za wateja huku akitaja mifupa ya mwili kuanzia utosini hadi kwenye vidole vya miguu, na mteja mmoja alipolalamika kiuno, alimweleza ni pingili ipi ya uti wa mgongo inayomsumbua. Lakini mwandiko wake! Baba yao alisema mtoto huyo amejifunza kuandika kama daktari kabla ya kujifunza udaktari.

Mwaka huo wa 2013 matokeo ya kidato cha sita yalitoka, na Immy alifaulu vizuri sana. Sasa alitaka kuomba nafasi ya kusomea udaktari katika chuo kikuu cha serikali, zile nafasi chache zinazogawiwa kwa kila wilaya. Wilaya nzima ya Kasese ilikuwa na vijana wengi waliozitaka. Kila mmoja alipewa fomu moja tu, na maelezo yake yalikuwa makali: jaza kwa herufi kubwa, kwa wino mweusi, usifute. Fomu ilitakiwa kufika ofisi za wilaya, Rukoki, kabla ya saa kumi alasiri siku ya Ijumaa.

"Ronah ndiye ataandika," baba aliamua. "Mimi sitaki mukubwa wa wilaya avae miwani mara mbili."

Ronah alifurahi hadi akasahau kula. Jumapili, baada ya misa, alijaza kurasa tatu za mwanzo bila kosa hata moja. Immy alizisoma neno kwa neno, akamkumbatia. Ukurasa wa nne ulihusu wazazi na kijiji, nao waliuacha ili waujaze siku iliyofuata kwa Mzee Eridadi, mwenyekiti wa kijiji, ambaye alipaswa kuutia sahihi na muhuri.

Jumatatu shuleni, Ronah hakuweza kuizuia habari hiyo mdomoni. Alimwambia jirani yake wa dawati, Bright, ambaye habari zote za Bwera, mji wao, zilimfikia kabla ya kuwafikia wenyewe.

"Wewe, baba yako si anaitwa Katembo?" Bright aliuliza.

"Ndiyo. Kwani?"

"Hiyo iko jina ya Kongo. Wakiona hiyo, fomu inaenda chini ya meza. Watasema dada yako ametoka Butembo kuiba nafasi ya watu wa hapa."

Maneno yale yalimchoma Ronah. Mara ngapi wenzake walimwita "Mukongo" uwanjani, wakacheka? Baba yake alizaliwa Kinyamaseke, hapahapa Uganda, kama baba zao. Ila alilelewa na shangazi yake kule Butembo, akabatizwa huko kwa jina la Benoît, akajifunza ushonaji huko. Kwa Wakonzo wa Uganda, mtoto wa tano wa kiume huitwa Thembo. Ng'ambo ya mpaka, ndugu zao Wanande humwita mtoto huyohuyo Katembo. Padri wa Butembo aliandika Katembo, na karatasi zote za baba zikafuata hivyo hivyo, pamoja na vyeti vya watoto wake.

Alasiri hiyo Ronah na Immy walikwenda kwa Mzee Eridadi. Mzee aliingia ndani kutafuta muhuri, na Immy akaenda nyuma kumsalimu mke wa mzee. Ronah alibaki peke yake barazani na kalamu mkononi. Mstari ulisema: JINA LA BABA.

Hata Mzee Eridadi mwenyewe humwita baba Thembo, alijiambia. Ni jina lilelile. Na nikiandika hivi, nitamwokoa Yaya Immy.

Akaandika THEMBO BENOÎT, kwa herufi nzuri zilizosimama wima. Mzee alirudi na muhuri, akatia sahihi bila miwani, na Immy naye aliporudi akampa fomu pamoja na barua ya kumtambulisha, aliyoiandika tangu asubuhi akifuata cheti chake. Immy aliitia fomu kwenye bahasha haraka, kwa sababu jua lilikuwa likizama. Njiani Ronah alitaka kusema. Akaona dada yake anatembea kwa furaha, akasema moyoni kwamba atamwambia baadaye, mambo yakishakwenda sawa.

Jumatano Immy alikwenda Rukoki. Alirudi saa kumi akiwa amevimba macho, akasimama mlangoni pa kibanda bila kuingia.

"Wamekataa," alisema. "Afisa anaitwa Bwana Oryem. Ameniambia fomu inasema Thembo, barua ya mwenyekiti inasema Katembo, cheti changu kinasema Katembo. Ameniuliza kama nimenunua karatasi za mtu. Papa, ameniuliza mbele ya watu!"

Baba alisimamisha cherehani. Aliichukua fomu, akaifungua ukurasa wa mwisho.

"Thembo?" alisema. "Nani aliandika hii?"

"Mimi niliandika," Ronah alisema. Sauti yake ilikuwa ndogo. Wote wawili walimgeukia, na hapo ndipo alipoogopa, na woga ukamtoa neno ambalo hakuwa amelipanga. "Mzee Eridadi ndiye aliniambia niandike hivyo."

Baba hakuuliza tena. Alifunga kibanda mapema, jambo ambalo halikuwa kawaida yake, akaenda moja kwa moja kwa mzee. Aliporudi alikuwa amekasirika zaidi.

"Amekataa kabisa," alimwambia mama. "Anasema hakutamka jina yangu. Nimemwambia mutoto hawezi kudanganya. Tumegombana, na watu wamesikia. Sasa anasema kama yeye iko mwongo, basi hata muhuri yake iko ya uongo, na hatatugongea karatasi ingine."

"Na Bwana Oryem amesema fomu haiwezi kurekebishwa bila sahihi yake," Immy alisema. "Imebaki kesho na Ijumaa tu." Akamgeukia mdogo wake. "Usilie, Ronah. Kosa ni langu. Ningesoma ukurasa ule wa mwisho, haya yote hayangetokea."

Maneno hayo ndiyo yaliyomuumiza Ronah kuliko yote. Angetamani dada yake ampige. Chakula kilipoletwa alikisogeza kando, na alipoulizwa alisema tumbo linamuuma, uongo mwingine tena. Alianza kuona jinsi uongo mmoja unavyohitaji wa pili wa kuulinda.

Alhamisi asubuhi alivaa sare ya shule lakini hakwenda shule. Alikwenda kwa Mzee Eridadi. Alimkuta anatandaza kahawa kwenye mkeka, anageuza buni kwa kiganja polepole. Mzee alimwona na hakumkaribisha.

"Umetumwa?" aliuliza.

"Hapana, Mzee. Nimekuja mwenyewe." Ronah alipiga magoti kumsalimu, akabaki hapohapo. "Wewe hukuniambia niandike Thembo. Ni mimi. Bright alisema wakiona Katembo watamtupa Yaya. Niliogopa. Halafu Papa aliponiuliza nikakusingizia."

Mzee aliendelea kugeuza kahawa.

"Jana," mzee alisema hatimaye, "baba yako amesimama pale chini ya mti wa uani, akaniita mwongo. Wajukuu wangu walikuwa hapa. Miaka kumi na saba nimeshika muhuri ya hii kijiji, hakuna mtu aliniita hivyo."

"Nisamehe, Mzee."

"Mimi nitakusamehe. Lakini si mimi tu uliyemkosea. Twende kwa baba yako. Utasema yale yale, mbele yangu, na mbele ya wale waliosikia jana."

Kutoka kwa mzee hadi sokoni si mbali, lakini asubuhi ile njia ilikuwa ndefu. Wauza unga, ambao ugomvi wa jana uliwafikia, walikuwepo wote, na Bright naye alikuwepo, ametumwa chumvi na mwalimu. Ronah alisema kila kitu. Aliposema "Niliogopa jina lako, Papa," baba yake alishusha macho kwenye kitambaa alichokuwa akishona, kama vile hajasikia. Kisha akasimama, akamwendea Mzee Eridadi, akamshika mkono kwa mikono yake miwili.

"Mzee, nimekukosea mbele ya watu, nakuomba radhi mbele yao."

"Imeisha," mzee alisema. "Kesho tunaenda wote. Nami nitabeba miwani."

Ijumaa walipanda gari la alfajiri, wakapita Kinyamaseke na njiapanda ya Kikorongo, wakafika Rukoki kabla ofisi hazijafunguliwa. Foleni ilikuwa ndefu, na Immy alihesabu watu waliomtangulia mara tatu. Saa nne ilipita, saa sita ikapita. Saa tisa na robo ndipo walipoitwa.

Bwana Oryem alikuwa mtu mrefu kutoka Gulu, kaskazini mwa nchi, aliyekaa wima nyuma ya meza yake. Alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza Ronah, kisha akasogeza mbele rundo la fomu.

"Wewe mutoto, njoo hapa. Soma hii. Jina ya baba."

"Katembo," Ronah alisoma.

"Na hii?"

"Katembo."

"Wiki hii peke yake nimepokea Katembo wanne. Wote wamepita. Mimi sitoki huku, hiyo majina siijui vizuri. Naangalia kitu moja tu: karatasi zote ziseme neno moja. Kama uliacha Katembo, dada yako alikuwa anamaliza Jumatano kwa dakika tano."

Ronah alihisi uso wake unawaka. Kwa hiyo alichokuwa akikiogopa hakikuwepo. Alikuwa amekitengeneza mwenyewe, kwa mwandiko wake mzuri.

Bwana Oryem alichora mstari mmoja juu ya THEMBO, akamwambia Immy aandike jina sahihi pembeni kwa mkono wake. Immy aliandika kwa herufi zake zilizopinda. Mzee Eridadi alivaa miwani, akasoma kila neno, akatia sahihi, akagonga muhuri. Zilikuwa zimebaki dakika ishirini kufika saa kumi.

"Imepokelewa," Bwana Oryem alisema. "Kupata nafasi, hiyo si kazi yangu. Sasa ni maksi zako."

Wakati wa kurudi Ronah alimwomba Immy msamaha, na kila mtu alipumua, hata Immy alicheka kidogo. Baba tu ndiye hakusema neno na Ronah. Hakumkaripia wala hakumpiga, na siku iliyofuata alimwita kufagia kibanda kama kawaida. Lakini hakumwomba tena kumwandikia chochote. Wiki zilipita hivyo. Ronah alifagia, akaandika kazi zake, akamtazama baba yake kwa pembeni.

Mwezi wa saba majina yalitoka. Vijana watatu wa wilaya walipata nafasi ya udaktari, na wa pili alikuwa Immy. Mama alipiga vigelegele mpaka majirani wakadhani kuna harusi. Mzee Eridadi alifika na jogoo, na Bright alifika bila kualikwa, akala kuliko walioalikwa.

Katikati ya furaha hiyo Ronah alitoka, akaenda kukaa kibandani peke yake. Baba alimfuata. Alikaa kwenye kiti cha cherehani, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile Ronah aliweza kusema lililokuwa likimkaba.

"Papa, nilionea haya jina lako. Nisamehe."

"Nilikusamehe siku ile ile," baba alisema. "Nilikuwa nangoja uniombe. Ulimwomba Mzee, ulimwomba Yaya wako. Mimi hukuniomba."

Ronah alilia, na baba alimwacha alie.

"Sikia, mutoto yangu," alisema baadaye. "Ulitaka kumusaidia Yaya, najua, na moyo yako iko muzuri. Lakini kumusaidia mutu si kuamua kwa siri badala yake. Ungeniuliza Jumatatu, ningekuambia hiyo jina haina ubaya. Ungesema Jumatano, Mzee asingetukanwa. Kukosea kila mutu anakosea, hata mimi nakata kitambaa ya mutu vibaya. Nikikata vibaya namwita mwenyewe siku hiyo hiyo, namwonyesha. Nikificha, atagundua akiwa amevaa, mbele ya watu."

Alivuta droo ya cherehani, akatoa fomu, daftari jipya la kujaribia kwanza na kalamu ya wino mweusi, akaviweka mbele yake.

"Chuo wametuma karatasi ya kujaza," alisema. "Mwite Yaya wako, akae hapa karibu, mwandike pamoja. Anza na jina langu."