Mstari Nilioacha Kuandika

Nina miaka thelathini na mmoja. Sina mke, sina kazi, na cheti changu cha digrii nakibeba ndani ya nailoni kama mkimbizi... Ndugu wasomaji, nitukaneni mkitaka, lakini nisomeni mpaka mwisho!

Mwaka 1974 nilitoka kwetu Midia, Koboko, nikaenda Arua kusoma kozi ya juu ya biashara. Tulikuwa kumi na wawili, wote tuna digrii. Chumba nilikaa na Candia, mwenyeji wa hapo hapo Arua. Nilipougua malaria, alininakilia masomo ya wiki mbili kwa mkono wake. Rafiki gani mwingine angefanya hivyo?

Masomo yakiisha, wenzetu walikimbilia mpira na vijana wa Onduparaka, kijiji cha jirani. Raha yetu sisi wawili ilikuwa klabu ya mdahalo, kila Jumamosi mchana. Hakuna aliyejichagulia upande. Uliokota kikaratasi kwenye kofia, ukatetea ulichookota hata kama hukiamini. Mimi nilikuwa katibu. Kila wiki mstari wa kwanza wa kumbukumbu zangu ulikuwa ule ule: pande zimepangwa kwa kuokota vikaratasi. Kitabu kilikwenda kwa mlezi wa klabu, na sote tulijua kwamba kutoka kwake kinapita kwa wakubwa wa kambi ya jeshi.

Jumamosi ile hoja ilihusu maduka ya Wahindi waliofukuzwa, ambayo serikali iliyagawa. Mshindi angetuwakilisha Kampala. Mimi niliokota upande wa kuwasifu wenye maduka wapya, Candia akaokota wa kuwapinga... Jamani, alivyosema! Alitusimulia duka la dawa ambalo mwenyewe mpya, koplo, hajui dawa ya kunywa wala ya kupaka. Watu walicheka mpaka machozi yakawatoka. Akachaguliwa yeye. Mimi niliyejiandaa mwezi mzima nikabaki kupiga makofi huku moyo unachemka.

Kesho yake niliandika maneno yake yote, moja baada ya jingine. Mstari wa kwanza sikuuandika. Wallahi, nilitaka aonywe tu, safari niipate mimi!

Jumatano askari wawili waliingia darasani. Mmoja akasoma ukurasa uliochanwa kitabuni, nikayatambua maandishi yangu.

"Candia iko nani? Wewe nasema hii maneno?"

Candia hakuogopa hata kidogo. "Ile ilikuwa mdahalo tu, afande. Sisi naokota karatasi. Uliza katibu, yeye iko hapa."

Wengine waliinamia madawati yao. Askari akanigeukia... Sentensi moja tu ingetosha! Lakini nikikubali kwamba tuliokota, si wangeniuliza kwa nini sikuandika? Nikasema sikumbuki.

Candia alinitazama. Wakamchukua, koti lake likabaki kwenye kiti. Klabu ilifungwa wiki hiyo hiyo, na Kampala hakwenda mtu.

Mama yake hakujua kusoma. Alimfuata nani? Mimi, rafiki wa mwanawe, nimwandikie barua ya kwenda kambini. Nikaandika. Miaka mitano, barua saba, hakuna jibu hata moja! Na katika zote saba sikuuweka ule mstari, maana ungeniumbua.

Mwaka huu serikali ya jeshi imeanguka, na watu wa kwetu wanakimbilia mpakani wakiogopa kisasi. Nilipita kwa mama yule nikamsihi tuondoke pamoja.

"Mimi naenda wapi? Candia nakuja hapa, nakuta nani?" Kisha akanipa karatasi tupu. "Andika kwa ile serikali mpya. Wewe iko mutu ya kusoma. Lakini, mwanangu, zile zingine... wewe naandika yote?"

Nikamjibu ndiyo, Mama, yote. Akanishukuru, akanifungia mihogo ya njiani.

Wanafunzi mnaonisoma, wivu wa darasani msiuone kitu kidogo. Ukiwa na kinyongo na mwenzako, usishike kalamu! Na ukiulizwa mbele ya watu, sema hapo hapo ungali na wa kumwokoa. Nawaomba sana, msiwe kama mimi.

Niko Koboko sasa, njia ya mpakani. Barua ya nane iko mfukoni mwangu. Nimeiandika upya mara tatu... na mstari ule bado sijauweka.