Mbuzi Waliovishwa Kola

Jumamosi jioni. Chumba cha nyuma ya gereji, mtaa wa West Indies.

Kipyego aliweka bastola mezani, akamwacha Vivian aeleze mpango. Kabla ya kufutwa kazi, Vivian alikuwa akiwavisha ng'ombe wa wakulima kola za kuwafuatilia kwa simu.

"Kola ikitoka nje ya boma, simu ya mwenyewe inalia. Ikikaa bila kusonga, inalia pia. So tunazivua, tunavalisha mbuzi wa hapo bomani. Akicheki simu kanisani, anaona ng'ombe wake wanakula nyasi, wako poa."

"Na majirani?" aliuliza Gikonyo, dereva wa lori.

Vivian akacheka. "Majirani gani? Tangu ile vita ya kura, nani Kapseret anaangalia boma ya mwenzake? Ndio maana walinunua mashine."

Gikonyo hakucheka. Vita ile ilimzika baba yake.

Jumapili asubuhi. Kapseret.

Lori liliporudi kinyumenyume hadi langoni, Gikonyo aliliona zizi, akalitambua. Lilikuwa boma la Mama Chepkoech. Wakati wa vita mama huyo alimficha kwenye stoo ya maziwa, vijana wenye mishale wakipita nje wakisaka Wakikuyu kama yeye. Alimnywesha mursik, maziwa yao ya mgando, kwa mkono wake mpaka alipomtoa salama.

"Kipyego, hapa tuache. Huyu mama aliniokoa."

"Mimi hakuniokoa." Kipyego akagusa bastola kiunoni. "Pakia."

Akapakia. Mbuzi wakavishwa kola, wakatawanyika malishoni. Akabaki ng'ombe mmoja mweusi, na kola yake ilikuwa ya Gikonyo kuivua. Aliishika. Akaiacha shingoni, akaifunika kwa gunia, akampandisha ng'ombe lorini. Alijua anajichimbia kaburi, lakini hakuwa na kingine cha kumpa yule mama.

Adhuhuri. Timboroa.

Simu ya Mama Chepkoech ilikuwa imelia katikati ya mahubiri, na ramani yake ikawaonyesha polisi lori lilipo. Polisi walitandaza misumari barabarani, matairi yakapasuka. Kipyego akapanda nyuma, akalivuta lile gunia, akaona kola.

"Nani hakuvua hii?"

"Ni mimi," alisema Gikonyo.

Risasi ya Kipyego ilimpata begani. Kipyego na Vivian wakatokomea msituni, polisi nyuma yao. Gikonyo alibaki kando ya lori, amefungwa pingu, damu ikimtoka, mpaka pikapu ya jirani ilipomleta Mama Chepkoech, akiwa bado na nguo zake za kanisa.

"Gikonyo? Ni wewe umeniibia?"

"Ni mimi, Mama. Lakini hiyo kola niliiacha makusudi, ndio uwapate ng'ombe wako."

Mama akatoa simu yake mkobani. "Na namba yangu huna?"

Alikuwa nayo. Miaka yote hiyo alikuwa nayo, na hakuwahi kuipiga hata kumjulia hali. Alingoja kwanza apate kitu, asirudi mikono mitupu.

"Ninayo, Mama."

"Basi ni mashine imeniita. Si wewe."

Gikonyo alilia palepale chini, wala si kwa uchungu wa bega. Mama alimpita, akapanda lorini kuwatuliza ng'ombe wake.